Korodani iliyojisokota: seli inayojisafisha huokoa au huua?

Mpwa wangu alikuwa na miaka 14 usiku ule. Aliamka saa saba na maumivu ya ghafla upande wa kushoto, pale ambapo kijana wa umri wake hathubutu kupataja mbele ya mamake. Akatoka uani, akatapika, akarudi kitandani na magoti kifuani. Hakumwambia mtu. Kulipokucha bibi yake alimwona anavuta mguu, akamuuliza, akajibiwa, "Tumbo tu, bibi." Chumvi ikatiwa kikaangoni, ikafungwa kitambaani, mtoto akakandwa kitovuni. Ilikaribia saa moja asubuhi ndipo alipotaja mahali hasa panapouma, na bibi akasema bila kusita: huo ni mshipa.

Simlaumu bibi. Hapa pwani neno hilo limebebeshwa mzigo mkubwa. Ngiri ni mshipa, busha ni mshipa, na maumivu yoyote ya kinena yasiyojulikana asili yake ni mshipa. Tumeishi na matende na mabusha yaletwayo na mbu kwa vizazi, tumewaona wazee wakijifunga vikoi vipana kuficha mfuko uliojaa maji, na tumezoea kwamba maradhi ya sehemu hizo huja polepole na hukubali kusubiri. Haya ya mpwa wangu hayasubiri. Korodani yake ilikuwa imejisokota kwenye kamba yake, na kila saa iliyopita ilizidi kufa.

Zahanati walimpa vidonge vya kuua vijidudu, wakidhani ni uambukizo. Baadaye akaingia mhudumu mwenye uzoefu zaidi, akamtazama mara moja, akasema apelekwe hospitali ya Amu, mji wa Lamu, sasa hivi. Lakini ilikuwa bamvua. Watu wa kisiwa cha Pate wanajua maana yake: ikifika saa nne asubuhi maji yamekupwa mpaka mashua zimelala ubavu kwenye tope, na nahodha hana la kufanya ila kungoja. Boti iliweza kuondoka saa saba mchana. Alipoingizwa chumba cha upasuaji ilikuwa saa tisa alasiri, yaani saa 14 tangu maumivu yaanze.

Katikati ya kazi daktari alitoka, barakoa ikiwa chini ya kidevu. Alisema ameikuta imezunguka mara mbili kamili, rangi yake kama bilingani. Ameifungua, ameifunika kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi ya uvuguvugu, amengoja, kisha amechanja kidogo ganda lake la nje. Damu imetoka, nyekundu, lakini kwa uchache na kwa kuchelewa. "Naweza kuitoa, naweza kuiacha. Nikiiacha sikuahidini kitu." Shemeji yangu, babake kijana, akanigeukia mimi, maana mimi ndiye mwalimu wa bayolojia katika familia. Sikuwa na jibu. Akasema iachwe.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachoweza kukipata juu ya jambo hili, na nilikotarajia jibu moja nimekuta mabishano mawili. La kwanza linahusu kinachotokea ndani ya seli zenyewe korodani inapokosa damu na inaporudishiwa. La pili linahusu kisu: itoke au ibaki. Nayaandika pamoja kwa sababu naamini la pili haliwezi kuamuliwa vizuri bila la kwanza.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotokea. Korodani huning'inia kwenye kamba yenye ateri, vena, neva na mrija wa mbegu. Kwa wavulana wengi imeshikwa kwa nyuma na ukuta wa mfuko wake, kwa hiyo haina nafasi ya kuzunguka. Kwa baadhi yao haikushikwa tangu kuzaliwa, ikabaki inacheza kama ulimi wa kengele. Siku moja, mara nyingi kati ya umri wa miaka 12 na 18, na mara nyingi usingizini, inazunguka. Vena ndizo zinazobanwa kwanza kwa kuwa kuta zake ni laini: damu yaingia haitoki, uvimbe unapanda, halafu ateri nayo inazibwa. Makadirio yanayotajwa sana ni mmoja kati ya wanaume 4,000 walio chini ya miaka 25 kila mwaka. Ikifunguliwa ndani ya saa 6, zaidi ya korodani 9 kati ya 10 huokoka. Kwenye saa 12 ni kama nusu. Zikipita saa 24 haifiki 1 kati ya 10. Idadi ya mizunguko nayo ina neno lake: iliyozunguka nusu duara huvumilia kuliko iliyozunguka mara mbili.

Ila kuifungua kamba hakumalizi madhara, na hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Seli zilizokaa saa kadhaa bila oksijeni hazikuwa zimelala tu. Mitokondria zake, yaani majiko yanayozalisha nishati, zilikuwa zimeharibika. Damu inaporudi na oksijeni tele, majiko hayo mabovu yanatema chembe kali za oksijeni zinazochoma utando, protini na jeni. Chembe nyeupe za damu nazo zinamiminika kana kwamba kuna vita. Kwa hiyo kuna jeraha la kukosa damu, na kuna jeraha la pili la kurudishiwa damu. Seli za mbegu ndizo dhaifu kuliko zote. Siku chache baada ya upasuaji bado zinaendelea kujiua moja baada ya nyingine. Seli za Leydig, zinazotengeneza homoni ya kiume, ni ngumu zaidi. Ndiyo maana korodani inaweza kuokoka kwa macho, ikawa hai, ikatoa homoni, na bado isitengeneze mbegu za kutosha. Kwa panya wa maabara, mizunguko miwili kwa saa 2 tu imetosha kuvuruga utengenezaji wa mbegu kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye kujisafisha. Mwaka 1955 mwanasayansi wa Ubelgiji, Christian de Duve, alitambulisha laisosomu, vifuko vyenye vimeng'enya vya kuyeyusha vitu ndani ya seli. Mwaka 1963 akaupa jina mwenendo wa seli kula sehemu zake yenyewe: otofaji, yaani kujila. Aliyefungua mlango wa kuuelewa ni Yoshinori Ohsumi wa Japani, mapema katika miaka ya 1990, na alitumia hamira, kiumbe wa jamii ile ile tunayomtia kwenye unga wa mahamri. Alichukua hamira iliyokosa vimeng'enya vya kuyeyushia, akainyima chakula, akaiangalia kwa hadubini. Kwa muda wa saa chache aliona vifuko vidogo vikirundikana ndani yake, kwa sababu vilikuwa vinaletwa lakini haviyeyushwi. Kutoka hapo akazitafuta jeni zinazouendesha mwenendo huo, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Jinsi kazi inavyofanyika ni hivi: utando mwembamba unaota ndani ya seli, unakunjika kuzunguka taka kama ukili unavyosukwa kuwa kikapu, unajifunga, kisha kifuko hicho kinaungana na laisosomu na vilivyomo vinayeyushwa vitumike upya. Chakula kikiwa tele, protini iitwayo mTOR huzuia kazi hii. Nishati ikipungua, nyingine iitwayo AMPK huiamsha. Kwa hiyo korodani inapokosa damu, amri ya kujisafisha inatolewa mara moja. Hakuna anayebishana juu ya hilo. Ubishi ni kama amri hiyo ni ya uokozi au ya mauti.

Walio upande wa uokozi wana hoja nzito, na huanza na korodani iliyo nzima. Huko kujisafisha ni kazi ya kila siku. Mbegu inapopata umbo lake la mwisho hutupa karibu nyama yake yote ya ndani, na seli za Sertoli zinazoilea huyameza mabaki hayo. Ile kofia iliyo kwenye kichwa cha mbegu, inayoisaidia kupenya yai, haitengenezwi vizuri bila otofaji: panya dume walioondolewa jeni iitwayo Atg7 kwenye seli zao za mbegu walipata mbegu zenye vichwa vya duara na wakawa tasa. Seli za Leydig zinaitegemea ili kupata lehemu ya kutengenezea homoni. Basi, wanasema, kiungo kinachoishi kwa usafi huu kila siku kitauhitaji zaidi siku ya msiba. Mitokondria mbovu zikiondolewa mapema, damu ikirudi hapatakuwa na majiko mengi ya kutema moto. Wapo waliowapa panya rapamisini, dawa inayozuia mTOR na hivyo kuamsha usafishaji, wakaona korodani zilizosokotwa na kufunguliwa zikiwa na madhara madogo kuliko za panya wasiopewa.

Walio upande wa mauti nao hawasemi ovyo. Seli inayojila bila kikomo inakula hata vilivyo vizima. Dalili za otofaji hupanda sana kwenye korodani iliyorudishiwa damu, na hupanda sambamba na seli zinazojiua. Kuna majaribio ambayo dalili hizo zilipopungua, madhara nayo yalipungua. Kwao, kuamsha usafishaji saa hiyo ni kama kumwaga mafuta juu ya jiko lililoshika moto.

Kwa muda mrefu nilidhani upande mmoja lazima uwe umekosea. Kilichonifungua macho ni utafiti wa moyo, si wa korodani. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwa panya kwamba moyo ulipokosa damu, otofaji iliyoamshwa na AMPK ilisaidia. Damu iliporudi, otofaji iliyoongezeka kwa njia nyingine, kupitia protini iitwayo Beclin 1, ilidhuru. Kazi ni ile ile, kiungo ni kile kile, ila saa ni tofauti. Sioni sababu ya kutodhani kwamba korodani nayo ina saa zake mbili, ingawa kudhani si kuthibitisha, na ushahidi wa korodani haujafika mahali pa kutenganisha saa hizo kwa uwazi kama ule wa moyo.

Kuna sababu nyingine inayofanya majaribio yapingane, na hii mtu wa Amu ataielewa upesi. Mji wetu taka zake hubebwa na punda kupita vichochoroni. Ukisimama kwenye kona ukaona punda kumi wenye mizigo ya taka, utasema nini? Huenda mji unasafishwa kwa bidii kubwa. Huenda pia jaa limefungwa huko mwisho na punda wamekwama, mji unanuka. Kwa kuhesabu punda tu hutajua. Watafiti wengi wa korodani wamehesabu punda: wanapima protini iitwayo LC3, inayokaa kwenye ukuta wa vile vifuko, wakiiona nyingi wanasema otofaji imeongezeka. Lakini vifuko vingi vinaweza kuwa dalili ya laisosomu zilizoshindwa, na hicho ni kinyume kabisa cha usafi. Ni jambo lile lile alilolitumia Ohsumi makusudi kwenye hamira yake: vifuko vilirundikana kwa kuwa kuyeyusha kumezuiwa. Utafiti usiopima mwendo kutoka mwanzo hadi jaani, mimi siupi uzito wa kuamua lolote juu ya mtoto wa mtu.

Na tuseme tungekuwa na hakika, tungempa dawa gani? Rapamisini ilipatikana kutoka kwa bakteria wa udongo uliochukuliwa Rapa Nui, kisiwa cha mbali katika Pasifiki, mwaka 1964. Leo hutumiwa na watu waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae. Baadhi ya wanaume wanaoitumia hupungukiwa na mbegu, na mara nyingi hurudi katika hali yao wakibadilishiwa dawa. Fikiri: dawa inayoamsha usafishaji, ambayo kwa panya aliyejeruhiwa inaonekana kumwokoa, kwa binadamu anayeinywa kila siku inapunguza kile kile tunachotaka kukiokoa. Upande wa pili iko klorokwini, dawa ya malaria tuliyoimeza utotoni kwa vidonge vichungu tukajikuna usiku kucha. Hiyo huzuia laisosomu kufanya kazi, kwa hiyo husimamisha usafishaji mwishoni kabisa. Dawa zote mbili hugusa viungo vingine vingi kabla na baada ya kufika korodani. Hakuna hata moja ninayoweza kusema leo kwamba ina nafasi karibu na kitanda cha kijana mwenye maumivu haya.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema basi utafiti huu uachwe. Kwenye shambulio la moyo, damu hukatika wakati usiojulikana na mara nyingine hurudi yenyewe. Kwenye korodani, dakika ya kurudi kwa damu iko mikononi mwa daktari. Yeye ndiye anayeifungua kamba. Kama siku moja tutaijua dawa inayofaa kutolewa dakika tano kabla ya kufungua, au sindano ya kuchomwa papo hapo, hakuna ugonjwa ambao ni rahisi zaidi kuilenga saa yake. Fursa hiyo ni adimu, na kuiacha kwa sababu majibu ya sasa yamegongana ni hasara.

Nataka niguse jambo moja linalozunguka kwenye simu zetu kila Ramadhani. Ujumbe husema Mjapani amepewa Nobel kwa kugundua kwamba kufunga huponya, na hivi karibuni nimeuona ukiongezewa kwamba kufunga husafisha korodani na kuponya "mishipa". Ohsumi alituzwa kwa kueleza jeni na mwenendo wa seli. Ni kweli kwamba njaa huamsha otofaji, na utafiti wa kufunga na afya unaendelea. Lakini kijana aliyejisokota korodani akiambiwa afunge siku tatu, siku ya nne hana korodani. Saumu ni ibada, ina heshima yake inayojitosheleza, na naumia ninapoiona ikitumiwa kumchelewesha mgonjwa.

Nirudi kwa kisu. Kwenye jambo hili madaktari wazuri hawakubaliani, na nimewasikia wote wawili. Anayeitoa husema hivi: korodani iliyokufa ikiachwa inaweza kuoza, kuleta usaha, homa na upasuaji wa pili. Tena, korodani ina kizuizi kinachoficha mbegu zisionekane na kinga ya mwili. Kikibomoka, kinga inaweza kuziona mbegu kama adui na kutengeneza silaha zitakazoifuata hata korodani ya pili iliyo nzima. Jambo hilo limeonekana kwa wanyama. Kwa binadamu ushahidi unapingana. Na mwanamume mwenye korodani moja nzima kwa kawaida huzaa na homoni yake hutosha. Kwa hiyo, husema, kwa nini uhatarishe nzuri kwa ajili ya mbovu?

Anayeiacha husema kwamba macho hudanganya. Rangi ya bilingani saa tisa inaweza kuwa ya waridi saa tisa na robo. Seli za Leydig huvumilia, hivyo hata korodani iliyosinyaa inaweza kutoa homoni. Na tangu mwaka 2008 kuna madaktari walioeleza njia ya kulichana ganda gumu la nje ili kuondoa shinikizo la uvimbe, kisha kuliziba pengo kwa kipande cha utando wa jirani, na kwa njia hiyo baadhi ya korodani zilizokuwa zitupwe zimebaki. Pia wanazungumzia akili ya kijana: kuamka na mfuko mtupu upande mmoja ni jambo ambalo wavulana wengine hawalisemi kwa mtu maisha yao yote.

Mimi naelemea upande wa kuiacha, lakini kwa masharti, na masharti hayo yanatoka kwenye ile hadithi ya seli. Kama damu inatoka baada ya kuchanja, maana yake kuna seli zilizo hai, na zilizo hai ndizo zinazoweza kujisafisha na kuokoka. Kama hata tone halikutoka baada ya kungoja kwa haki, kujisafisha kumekwisha kushindwa na hakuna cha kuokoa. Kuiacha hapo ni kumpa mzazi matumaini ambayo daktari mwenyewe hana. Sharti la pili ni ahadi ya kumwangalia. Korodani iliyoachwa na isipimwe baada ya miezi 3, 6 na 12 ni uamuzi ulioachwa njiani. Utengenezaji wa mbegu huchukua siku kama 74 kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kumpa jibu mzazi baada ya wiki mbili ni kubahatisha. Jambo moja halina pande mbili kwangu: iwe imetoka au imebaki, ile ya pili lazima ishonwe isizunguke, maana kasoro ya kuzaliwa mara nyingi iko pande zote mbili.

Mwenzangu shuleni, mwalimu wa hesabu, aliniambia wazi: "Mwalimu, unasoma mambo ya seli za panya na huku watoto wetu wanasubiri maji yajae." Ana haki. Saa za mpwa wangu nimezihesabu mara nyingi. Saa sita hivi zilipotea kwa haya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maumivu ya pale ni ya kusemwa usiku huo huo. Saa moja hivi ilipotea kwa vidonge. Saa tano zilikwenda na maji, boti ikiwa tayari na nahodha yupo. Dawa yoyote ya otofaji haiwezi kushindana na saa 12 zilizorudishwa. Na hata zahanati iliyo mbali kuna kitu inaweza kujaribu: kuizungusha korodani kwa mkono kutoka ndani kuelekea nje, kama mtu anavyofungua kitabu, na kusikiliza kama maumivu yanapungua. Nyingi hujisokota kuelekea ndani, ingawa si zote, kwa hiyo maumivu yakizidi inajaribiwa upande wa pili. Haiondoi haja ya upasuaji. Inanunua muda.

Lakini nilimjibu hivi, na bado nasimama hapo. Mtoto wa mji mkubwa, aliye dakika 20 kutoka hospitali, haihitaji sana sayansi ya jeraha la pili. Akifunguliwa saa ya tatu, seli zake nyingi ni nzima. Anayehitaji kujua jinsi ya kuokoa seli kwenye saa ya 10, ya 12, ya 14 ni mtoto wa Kiwayu, wa Ndau, wa Kizingitini. Utafiti huu unafanywa mbali na sisi na watu ambao hawajawahi kuona bamvua, hata hivyo ni wetu kuliko wao. Ndiyo maana nataka watu wetu waujue, wauulize, na siku majaribio ya binadamu yatakapofanywa waulize kama wagonjwa waliochelewa wamehesabiwa, au wamechaguliwa waliowahi tu ili matokeo yapendeze.

Shemeji yangu haya yote nimemsomea barazani kwake. Mpwa wangu sasa ana miaka 16. Ya kulia iko sawa, imeshonwa kwa nyuzi zisizoyeyuka. Ya kushoto ilipimwa kwa ultrasaundi mwaka uliopita: damu inapita, lakini ukubwa wake ni chini ya nusu ya mwenzake. Mimi nasema imeokoka. Babake anasema angejua ingesinyaa hivi, angeruhusu itolewe, mtoto asikae na wasiwasi kila anapoguswa na mpira. Tumeulizana mara ngapi sijui. Mara ya mwisho kijana mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, tukidhani anasoma simu yake. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mjomba, niulizeni mimi basi." Tukanyamaza. Akafikiri kidogo, akasema angependa kungoja mpaka afike miaka 18, apimwe mbegu, halafu ndipo atatuambia nani alikuwa na haki.